Video haifunguki, au imefunguka hakuna aliyeitazama: mwongozo kamili wa kutuma video unazopenda

Malalamiko yanayonifikia kutoka mitaa ya Lubumbashi kama Katuba, Kenya (mtaa wetu, si ile nchi) na Ruashi, na hata Likasi, ni yaleyale manne. "Nimetuma video, wanasema haifunguki." "Imefika imejaa ukungu." "Baba mkubwa amenigombeza, eti nimemaliza mega zake za intaneti." Na la nne, linalouma kuliko yote: "Watu arobaini kwenye grupu, hakuna hata mmoja aliyetazama."

Makosa yake karibu yote hutokea kabla hujabonyeza kitufe cha kutuma. Mwongozo huu unafuata kazi hiyo hatua kwa hatua, iwe video yako ni ya karindula (muziki wa lile banjo kubwa la kwetu), ya sayansi, ya historia au ya siasa. Simu nyingi kwetu Lubumbashi zimewekwa Kifaransa, kwa hiyo vibonye nitavitaja jinsi unavyovisoma: Partager (kushirikisha), Galerie (picha na video zako), Document (hati).

## Vitu vya kuandaa

- Simu ya Android, hata kuukuu, yenye nafasi tupu ya gigabaiti 2.
- Programu ya VLC, kwako na kwa yule unayemtumia. Ni ya bure, na hufungua fomati nyingi ambazo kichezeshi cha simu hukataa.
- Kompyuta ya kuazima kwa saa moja, yenye programu ya HandBrake, ya kupunguza uzito wa video. Hii nayo ni ya bure. Ukiwa unatuma linki tu, huihitaji.
- Fleshi, pamoja na kile kiwaya kifupi cha kuiunganisha na simu.
- Chaji ya kutosha. Kupunguza uzito wa video huchukua muda, na umeme ukikatika katikati unaanza upya. Fanya kazi hii asubuhi kama mtaani kwenu umeme huondoka jioni.
- Daftari na kalamu. Usicheke, utaona kazi yake kwenye hatua ya kwanza.

## Hatua ya 1: Chagua video moja, uitazame hadi mwisho

Moja tu, si tisa. Anayefungua grupu akakuta video tisa zimepangana huzipita zote, kama mtu anavyopita mchuuzi anayemwita kwa bidhaa ishirini kwa mara moja.

Itazame yote, daftari likiwa mkononi. Andika dakika ambayo jambo lenyewe linaanza. Video ya mahojiano ya dakika 40 mara nyingi ina dakika 4 zilizokufanya uipende, na hizo ndizo unazotaka kumpa mwenzako.

Onyo: usitume video uliyotazama nusu. Nimeona mama mmoja wa kwaya akituma mafundisho mazuri ya afya, kumbe dakika ya 11 mzungumzaji anaanza kuuza dawa ya kuponya kila ugonjwa.

Umefaulu ukiweza kusema kwa sentensi moja video inahusu nini, na kutaja dakika ya kuanzia bila kuifungua tena.

## Hatua ya 2: Hakikisha picha ndiyo ile inayosemwa

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu hapa ndipo wengi wanaanguka, na mimi nilishaanguka.

Niliwahi kutuma kwenye grupu la familia video kuhusu madini ya urani ya Shinkolobwe. Maelezo yake yalikuwa sahihi: madini kutoka mgodi huo, ulio karibu na Likasi, yalitumiwa na Wamarekani kutengeneza mabomu yao ya kwanza ya atomiki. Sasa ikaja picha ya mlipuko, chini imeandikwa "Hiroshima, Agosti 6, 1945". Nguzo kubwa ya maji inapanda, wingu juu yake, na meli zimeizunguka. Baba mdogo wangu aliandika mstari mmoja tu: "Mtoto, hizo meli zilikuwa zinafanya nini juu ya nyumba za watu?"

Alikuwa na haki. Bomu la Hiroshima lililipukia angani, juu ya mji. Ile picha ya meli ni ya jaribio la Bikini, kwenye bahari ya Pasifiki, Julai 25, 1946. Na ukiwa hapo, kumbuka jambo jingine ambalo video hizo huchanganya: bomu la Hiroshima lilikuwa la urani, lile la Nagasaki, siku tatu baadaye, lilikuwa la plutoni. Anayesema yote mawili yalikuwa ya aina moja hajasoma.

Mfano wa pili unatuhusu zaidi sisi wa Lubumbashi. Kuna filamu fupi ya Patrice Lumumba akiwa amefungwa mikono, juu ya lori, askari wamemzunguka. Kila mwezi wa Januari inarudi ikiwa na maandishi kwamba ni siku alipoletwa Katanga kuuawa. Sivyo. Filamu ile ilipigwa Léopoldville, Kinshasa ya leo, mwanzoni mwa Desemba 1960, aliporudishwa baada ya kukamatwa akiwa njiani kwenda Stanleyville, Kisangani ya leo. Huku kwetu aliletwa Januari 17, 1961, pamoja na Maurice Mpolo na Joseph Okito, na wote watatu waliuawa usiku uleule. Kati ya picha na kifo kuna wiki sita na zaidi. Kwa historia, wiki sita si kitu cha kuruka.

Basi fanya hivi:

1. Simamisha video kwenye sehemu tatu zenye picha safi: uso, jengo, au maandishi ya ukutani. Kila mara piga picha ya skrini.
2. Zipeleke picha hizo kwenye Google Lens, kile kitafuta picha cha Google. Tafuta zilipoonekana kwa mara ya kwanza, usikomee kwenye tokeo la juu. Picha iliyokuwepo mwaka 2015 haiwezi kuwa ya jana.
3. Ukiwa kwenye kompyuta, kuna kiongezo cha kivinjari kiitwacho InVID-WeVerify. Unakipa linki ya video, kinaikata vipande vya picha na kuvitafuta. Kwa video ndefu kinakuokolea nusu saa.
4. Zima sauti, utazame. Kisha funga macho, usikilize. Sauti ya habari moja kubandikwa juu ya picha za nyingine ni ujanja rahisi kuliko yote, na hugundulika kwa njia hii. Watu wanazungumza Kiswahili cha wapi? Namba za magari ni za nchi gani? Mvua inanyesha huku maelezo yanasema ni mwezi wa Julai? Lubumbashi Julai ni kiangazi, vumbi tupu.
5. Kama video ilikufikia kwa WhatsApp, angalia juu yake. Mishale miwili maana yake imeshapita mikono mitano au zaidi. Si ushahidi kwamba ni uongo, ila aliyekutumia huenda hajui ilikotoka. Rudi ukatafute mwenye kuipandisha wa kwanza.

Onyo: sheria ya Kongo kuhusu mambo ya kidijitali, iliyotiwa sahihi Machi 13, 2023, haimgusi aliyebuni habari ya uongo peke yake. Inamgusa pia anayeisambaza. Kifungu cha 360 kinataja kifungo cha mwezi mmoja hadi sita na faini. "Mimi nilituma tu kama nilivyopokea" si kinga.

Umefaulu ukijua mambo matatu: nani aliipandisha kwanza, lini, na picha ni za wapi. Ukikosa mawili, iache. Video nyingine zipo.

## Hatua ya 3: Amua kama ni linki au faili

Tuma linki kama mpokeaji ana mega na unataka mwenye kazi apate hesabu yake ya watazamaji. Kijana wa Kamalondo anayepandisha nyimbo zake YouTube anahitaji hesabu hiyo. Ukiipakua video yake na kuisambaza kama faili kwa watu mia mbili, umempenda kwa namna inayomnyima. Isitoshe, masharti ya YouTube hayaruhusu kupakua video ya mtu kwa njia za pembeni.

Tuma faili kama ni video yako mwenyewe, au mwenyewe amekuruhusu, au ni ya chanzo kilicho wazi. Video nyingi za NASA zinaruhusiwa kutumika kwa elimu, na Wikimedia Commons huandika ruhusa chini ya kila faili. Kwa mwalimu wa sayansi huko ni ghala.

Ukichagua linki, isafishe kabla ya kuituma:

- Bonyeza Partager, nakili linki, ibandike mahali pa kuandikia. Mwishoni mara nyingi utaona ?si= ikifuatwa na herufi nyingi. Futa kuanzia alama ya kuuliza. Mkia huo ni wa kufuatilia nani alituma, video itafunguka bila huo.
- Ongeza sekunde ya kuanzia. Jambo likianza dakika ya 3 na sekunde 20, hiyo ni sekunde 200, basi malizia linki kwa ?t=200. Linki ndefu ambayo tayari ina alama ya kuuliza unaimalizia kwa &t=200. Wengi wanaweka alama ya kuuliza mara mbili, halafu wanashangaa video inaanza mwanzo.

Umefaulu ukiifungua kwenye simu ya mtu mwingine, si yako, ikaanzia palepale ulipotaka. Ukimaliza kwa linki, ruka hadi hatua ya 6.

## Hatua ya 4: Pima uzito kabla hujamtwisha mwenzako

Hesabu yake ni nyepesi, ila watu huchanganya megabiti na megabaiti. Megabaiti moja ni megabiti nane. Video inayokwenda megabiti 1 kwa sekunde hula megabaiti 7.5 kwa dakika. Kwa hiyo zidisha kwa 7.5, imekwisha.

Simu nyingi za Android hurekodi ubora wa 1080 kwa megabiti 17 hivi. Mara 7.5, ni megabaiti 127 kwa dakika. Ngoma ya harusi ya dakika tano inapita megabaiti 600, ndiyo maana shangazi yako wa Kolwezi hakuifungua.

Kwa kutazama mtandaoni, ubora wa 720 ukienda megabiti 2 unakula megabaiti 15 kwa dakika. Ubora wa 360, kama megabiti 0.6, unakula 4.5. Video ya dakika 12 ni megabaiti 180 upande mmoja, 54 upande mwingine. Kwa mtu anayezungumza amekaa kwenye kiti, 360 inatosha kabisa. Kwa ramani, hesabu za ubaoni au darubini, panda hadi 480 angalau, la sivyo maandishi hayasomeki.

Na kuna zile "video" za nyimbo za zamani zenye picha moja isiyotikisika kuanzia mwanzo hadi mwisho. Magitaa ya Mwenda Jean Bosco, yale ambayo mtafiti wa muziki Hugh Tracey alikuja kuyarekodi huku Katanga mwaka 1952, mengi yako hivyo. Hapo hakuna cha kutazama. Sauti ya dakika tatu kwa kilobiti 128 ni megabaiti 3 tu. Kama una faili yake kwa njia halali, tuma sauti yenyewe, na waache mega zao zipumue.

## Hatua ya 5: Punguza uzito kwa HandBrake

Fungua faili kwenye HandBrake, kisha weka hivi:

1. Fomati ya MP4, kodeki (namna ya kubana picha ndani ya faili) ya H.264. Utashawishika na H.265 kwa sababu inatoa faili ndogo zaidi. Iache. Simu nyingi za zamani huitolea sauti bila picha, na hiki ndicho chanzo kikubwa cha "haifunguki". Televisheni nyingi zenye tundu la fleshi nazo huelewana na H.264.
2. Urefu wa picha kwenda juu, 480. Kwenye skrini ya simu hakuna atakayelalamika.
3. Kipimo cha ubora, RF, kiwe 26. Namba ikipanda, faili inapungua na picha inachafuka. Programu hupendekeza 22. Kwa mahojiano unaweza kufika 28. Kwa watu wanaocheza, baki 24 au 25, kwa sababu mwendo mwingi ukibanwa sana hugeuka miraba miraba.
4. Sauti. Maneno matupu, kilobiti 64. Muziki, usishuke chini ya 128. Karindula hasa: lile banjo kubwa lenye mwili wa pipa na ngozi ya mbuzi linaishi kwenye besi. Ukiibana sauti, linalobaki ni kama mtu anagonga sahani.
5. Weka alama kwenye chaguo la kuiandaa video kwa mtandao. Linapeleka taarifa za faili mwanzoni mwake, ili video ianze kucheza kabla haijashuka yote.

Kabla ya kubana yote, bana dakika moja. Itazame kwenye simu, tena nje, penye jua. Ikiridhisha, endelea.

Onyo: usibane kitu kilichokwisha kubanwa. Video iliyokufikia kwa WhatsApp tayari imekamuliwa, ukiikamua tena unapata ukungu. Rudi kwenye faili ya kwanza.

Umefaulu ikiwa faili imeshuka hadi megabaiti 5 hadi 10 kwa dakika, maandishi yanasomeka, na besi bado inasikika kwa vipokea sauti.

## Hatua ya 6: Andika maneno ya kuitangulia

Ukiniuliza hatua gani huamua kama video itatazamwa, nitakwambia hii, na ndiyo ambayo karibu kila mtu anairuka. Video isiyo na maneno ni mgeni aliyeingia uani bila kubisha hodi.

Mistari minne inatosha: ni nini, ndefu na nzito kiasi gani, mtu aanzie wapi, na wewe ilikushika kwa nini. Mfano niliowahi kutumia:

*"Wapendwa, hii ni video ya mafundi wanaotengeneza karindula, wanaeleza wanavyovuta ngozi. Dakika 6, megabaiti 40. Mwenye haraka aanzie dakika ya 2. Yaya, sikiliza mzee anavyotaja jina la ule mti wa shingo ya chombo, mimi sikulishika, wewe utalijua."*

Tazama mstari wa mwisho. Nimemwita mtu mmoja na kumpa kazi. Yaya, yaani ndugu yangu mkubwa, alijibu ndani ya saa moja, akabishana na binamu kuhusu jina la mti, na wengine wakafungua video ili waamue ugomvi. "Tazameni, nzuri sana" haijawahi kufanya hivyo.

Kwa siasa, ongeza mstari wa tano: ilirekodiwa lini na nani anazungumza kwa niaba ya nani. Usiweke hukumu yako mbele. Ukianza na "tazameni wasaliti hawa", nusu ya grupu wamekwisha kuchagua upande kabla ya kusikia neno. Na grupu la familia lenye watu wa Katanga, wa Kasai na wa Kivu si mahali pa kutupa kipande cha sekunde 20 kilichokatwa kwenye hotuba ya saa nzima. Tuma hotuba yote na dakika ya kuanzia, au mpelekee mtu mmoja unayetaka kubishana naye.

## Hatua ya 7: Tuma ifike jinsi ilivyo

Kwenye WhatsApp usipitie Galerie. Ukipitia huko, programu inaibana video upya na kazi yako yote ya hatua ya 5 imepotea. Bonyeza alama ya kuambatisha, chagua Document, tafuta faili yako. Inafika bila kuguswa, hata faili kubwa hadi gigabaiti 2.

Kabla ya hapo ipe jina la binadamu. "VID-20240311-WA0007" halimwambii mtu kitu, na wiki ijayo hataipata. "Karindula_kuvuta_ngozi.mp4" ataipata.

Mpokeaji aliye jirani usimpitishie mtandaoni hata kidogo. Tumia Quick Share, simu mbili zikiwa karibu, na hakuna mega inayoliwa. Bluetooth nayo inafanya kazi, ila megabaiti 100 zinaweza kuchukua dakika kumi. Kwa video nyingi, tumia fleshi. Kama fleshi ni ya mpango wa FAT32, inakataa faili moja inayozidi gigabaiti 4 hata ikiwa na nafasi tele, si kwamba imeharibika.

Umefaulu ikiwa mtu mmoja, ambaye umemwomba mapema, amekujibu kuwa imefunguka na sauti ipo. Mtumie yeye kwanza, grupu baadaye.

## Bado wanasema haifunguki?

Usitume tena. Uliza kwanza maswali haya, kwa mpangilio huu:

- *Faili imeshuka yote?* Mara nyingi imekwama nusu. Aende penye mtandao mzuri, abonyeze tena.
- *Simu ina nafasi?* Ikijaa, video hukataa kufunguka bila kueleza sababu. Hapo mwambie pia aingie kwenye mipangilio ya hifadhi na data ya WhatsApp, azime upakuaji wa moja kwa moja wa video. Nusu ya uchafu uliojaza simu yake utakoma kuingia.
- *Unaifungua kwa programu gani?* Ajaribu VLC.
- *Unasikia sauti bila picha?* Basi ni kodeki, na kosa ni lako. Rudi hatua ya 5, namba 1.

Ikifunguka kwa wote, subiri siku mbili hivi kabla ya kutuma nyingine. Mimi hutuma Ijumaa jioni, wakati watu wametoka kazini na bado hawajaanza mambo ya misa na mazishi ya mwisho wa wiki.